Tiketi yenye saa, boti isiyowekewa nafasi: kisa cha wasafiri wanne katika visiwa vya sanaa vya Seto

Wahusika na shabaha yao

Wasafiri walikuwa wanne: kijana Mtanzania anayesoma shahada ya uzamili magharibi mwa Japani, mama yake mzazi, mama yake mdogo, na rafiki wa mama mdogo. Majina, mji wanakotoka na mwaka wa safari nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kisa kisimuliwe ili wengine wajifunze. Mimi naingia kwa sababu kijana aliniletea mpango wake niupitie, kama wanavyofanya ndugu wengi wanaopokea wageni kutoka nyumbani.

Safari ilikuwa ya mama mdogo. Ni mwalimu wa sanaa wa sekondari, tena ni mchoraji, na miaka yote amekuwa akiwaonyesha wanafunzi wake picha ya boga kubwa la njano lenye madoa meusi, limekaa peke yake mwisho wa gati, bahari nyuma yake. Kazi hiyo ni ya msanii Mjapani Yayoi Kusama, na iko kisiwani Naoshima tangu 1994. Alitaka kuliona kwa macho yake. Pia alitaka kuona picha za mchoraji Mfaransa Monet zilizowekwa chini ya ardhi, na jumba la Teshima ambalo ndani yake hamna kitu ila maji. Mama mzazi alikuja kumsindikiza mdogo wake. Ana matatizo ya magoti: ngazi anapanda, lakini kwa mwendo wake mwenyewe, na baiskeli haendeshi.

Kijana ndiye pekee aliyejua Kijapani, na ndiye pekee aliyekuwa na intaneti. Jambo hilo la pili lilikuja kuwa na uzito siku ya Ijumaa.

Kwa nini boti ni chache

Mpango wa safari hii hauwezi kueleweka bila kuvijua visiwa vyenyewe. Naoshima, Teshima na Inujima viko katika Bahari ya Ndani ya Seto, kati ya kisiwa kikuu cha Honshu na kile cha Shikoku. Havikuanza kuwa vya sanaa. Naoshima ina kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza miaka ya 1910 na kinafanya kazi mpaka leo upande wa kaskazini. Inujima nayo ilikuwa na kiwanda cha shaba kilichofunguliwa 1909 na kufungwa baada ya kama miaka kumi, bei ya shaba ilipoporomoka; magofu yake ya matofali ndiyo yaliyogeuzwa jumba la sanaa mwaka 2008. Teshima ilipata mkasa mzito zaidi. Kampuni moja ilitupa huko taka za viwandani kinyume cha sheria mpaka polisi walipoingilia mwaka 1990, na wakazi wakapigana miaka kumi mingine kabla ya kufikia makubaliano na mkoa. Taka zaidi ya tani laki tisa zilisafirishwa kwa meli hadi Naoshima zikasafishwe, na shehena ya mwisho iliondoka 2017.

Sanaa ilianzia Naoshima, kwa mapatano kati ya meya wa wakati huo na familia ya Fukutake, wenye kampuni ya elimu ya Benesse. Msanifu Tadao Ando alichora Benesse House, hoteli iliyo pia jumba la sanaa, ikafunguliwa 1992. Nyumba kuukuu za kijiji cha Honmura zikaanza kugeuzwa kazi za sanaa 1998, jumba la Chichu, lile la chini ya ardhi lenye picha za Monet, likafuata 2004, la Teshima 2010. Mwaka huo huo lilianza tamasha la sanaa la Setouchi, linalofanyika kila baada ya miaka mitatu.

Maelezo haya ndiyo yanayoeleza ratiba ya boti. Naoshima ina wakazi kama 3,000, na Teshima hawafiki elfu moja. Feri kubwa zinapita kwa ajili yao: wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali ng'ambo, malori ya mizigo, wafanyakazi wa kiwanda. Basi la kisiwa nalo limepimwa kwa idadi yao. Mgeni anaingizwa katika mfumo uliokuwepo kabla yake, na wakati tamasha halipo hakuna vyombo vya nyongeza.

Mpango wa kwanza

Rasimu aliyoniletea kijana ilikuwa hivi: Jumatatu Naoshima, Jumanne Teshima, Jumatano Inujima, na kila usiku kurudi kulala Takamatsu, mji wa bandari upande wa Shikoku. Ilikuwa mwezi Novemba, nje ya msimu wa tamasha. Alichagua mwanzo wa wiki kwa sababu mbili nzuri: hoteli ni nafuu na watu ni wachache.

Mpango huo ungewapitisha visiwa vyote vitatu bila kuona karibu kitu chochote. Chichu hufungwa Jumatatu, na nyumba za sanaa za Honmura vilevile. Jumba la Teshima hufungwa Jumanne. Inujima hufungwa Jumanne hadi Alhamisi. Na boti ya mwendokasi inayounganisha visiwa hivi vitatu hufuata siku hizo hizo: Jumanne haipiti kabisa, na miezi ya baridi, kuanzia Desemba, haipiti Jumanne, Jumatano wala Alhamisi. Rasimu yake ilikuwa imeifuata kalenda ya kufungwa siku kwa siku, kana kwamba imenakiliwa kutoka humo.

Alianza kushtuka alipofungua ukurasa wa kununua tiketi za Chichu, ambazo huuzwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu. Jumatatu yake haikuwa na nafasi hata moja. Akadhani zimeisha. Akajaribu Jumatatu iliyofuata, ikawa vilevile, ndipo akanipigia simu.

Ni kosa la kawaida mno, na si la uzembe. Mtu wa mji mkubwa huchagua kwanza tarehe ya ndege, kisha hoteli, kisha vitu vya kutazama. Huku mpangilio huo unageuka: kwanza siku za kufungwa, pili boti, tatu tiketi zenye saa, na hoteli mwisho. Kuna mtego mwingine wa Novemba ambao wao uliwapita pembeni. Jumatatu ikiwa sikukuu ya taifa, majumba hufungua siku hiyo na kufunga siku inayofuata, na Novemba ina sikukuu mbili, tarehe 3 na tarehe 23.

Mpango wa pili, na sababu zake

Safari ikasogezwa: Jumatano usiku kulala Takamatsu, Alhamisi Naoshima na kulala huko huko, Ijumaa Teshima na kurudi Takamatsu jioni, Jumamosi kubaki tupu. Maamuzi manne yalifanyika hapa, na yote yalijadiliwa.

La kwanza ni kuiacha Inujima. Mama mdogo hakulipenda. Lakini kuiweka Ijumaa pamoja na Teshima kungemaanisha kushuka na kupanda boti ndogo mara nyingi kwa siku moja, na magoti ya dada yake yangeamua kila kitu. Kijana alimwambia wazi, "Mama mdogo, tukienda visiwa vitatu utaona magati matatu." Akakubali.

La pili ni kulala Naoshima, katika nyumba ndogo ya wageni kijijini Honmura, badala ya kurudi mjini. Bei ilikuwa juu kidogo. Faida yake ni kwamba Alhamisi haikuwa tena na boti ya mwisho ya kuikimbilia.

La tatu ni mizigo. Mabegi makubwa yaliachwa hotelini Takamatsu, kila mmoja akabeba begi moja la mgongoni. Basi la Naoshima ni dogo, na ngazi za boti ya mwendokasi si mahali pa kuburuta sanduku la magurudumu.

La nne ndilo lililookoa safari. Kijana alitaka tiketi ya Teshima ya saa 4:30 asubuhi, kwa kuwa boti ingewafikisha mapema kidogo ya hapo. Nilimsihi achukue ya saa 7:30 mchana. Sababu ni hii: tiketi ya jumba ina saa na haisogei, wakati boti ile haina kuweka nafasi, anayetangulia ndiye anayepanda. Ukifunga kitu kisichosogea kwenye kitu usichokuwa na uhakika nacho, lazima uache nafasi kubwa katikati. Tukakubaliana pia aandike njia ya pili karatasini: kama boti ya moja kwa moja ingekosekana, wangevuka kwa feri hadi Uno, bandari ya upande wa Honshu iliyo mwendo wa dakika 20 kutoka Naoshima, na kutoka Uno wangepanda chombo kingine hadi Ieura, bandari kuu ya Teshima.

Aliongeza jambo ambalo sikulifikiria. Ratiba za Japani huandikwa kwa saa 24, na kina mama hawa husema saa kwa Kiswahili. Akatengeneza kadi ndogo kwa kila mmoja, ratiba yote kwa saa za Kiswahili, na pembeni namba kama zinavyoonekana ukutani: "saa 3:20 asubuhi, ukutani 9:20." Mama yake aliitia kadi ndani ya mkoba wa shingoni pamoja na pasipoti.

Alhamisi, Naoshima

Feri kubwa kutoka Takamatsu hadi bandari ya Miyanoura huchukua kama dakika 50. Ina viti vingi na haikujaa. Walishuka penye boga jekundu la Kusama, ambalo liko hapo hapo bandarini na watu huingia ndani yake, wakapanda basi la mji kwa yeni 100 kila mmoja hadi kituo cha mwisho, Tsutsujiso, mahali boga la njano lilipo karibu.

Mama mdogo alisimama pale gatini muda mrefu. Boga hilo lilisombwa na bahari wakati wa kimbunga cha Agosti 2021 likavunjika, na lililopo sasa ni jipya lililorudishwa Oktoba 2022. Alikuwa akiijua habari hiyo, na bado aliligusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kutoka Tsutsujiso basi la bure la makumbusho huwapeleka watu Chichu. Tiketi yao ilikuwa ya saa 6 mchana, na hapa uteuzi wa saa ulikuwa na maana zaidi ya boti. Jumba hili limezikwa kilimani, na picha zake tano za maua ya maji za Monet hazina taa, zinaangazwa na mwanga wa mchana unaoshuka kutoka juu. Unavua viatu, unavaa ndara zao, unakanyaga sakafu ya vipande vidogo vya marumaru nyeupe visivyo na ncha. Wingu likipita nje, picha inageuka rangi mbele yako. Novemba jua linazama mapema, kwa hiyo ukichukua tiketi ya alasiri unaona chumba kingine. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba alikuwa akifundisha Monet kutoka kwenye vitabu akidhani rangi zile zimetulia.

Kisha mambo yakaenda mrama kidogo. Hakuna aliyetaka kutoka Chichu, na basi la kurudi lilikuwa limeondoka. Walipofika Honmura ilikuwa imebaki chini ya saa moja kabla nyumba za sanaa kufungwa, saa 10:30 jioni. Minamidera, nyumba ya giza ya James Turrell ambamo unakaa mpaka macho yazoee na mwanga ujitokeze wenyewe, nafasi zake za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Waliona hekalu la Go'o lenye ngazi za kioo, kazi ya Hiroshi Sugimoto, na nyumba moja nyingine. Migahawa ya kijiji ilikuwa inafunga. Chakula cha usiku kilikuwa chapati na mayai ya kuchemsha alivyobeba mama kutoka nyumbani kwa mwanawe, na matunda ya dukani. Aliyasema maneno ambayo kila mama angesema, kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Ijumaa, boti iliyojaa

Asubuhi kulikuwa na upepo baridi, boti bado zinakwenda. Walitoka Honmura kwa basi na kufika gatini Miyanoura dakika kama kumi kabla ya boti ya mwendokasi kuondoka kwenda Teshima. Foleni ilikuwa imeshafika mbali. Kikundi cha watalii wenye vibendera kilikuwa mbele yao. Mfanyakazi wa gati alikuja akihesabu vichwa kwa kidole, akafika kwao, akasimama, akanyoosha vidole viwili.

Nafasi mbili, watu wanne, dakika tatu.

Kijana alitaka wote wabaki. Mama yake akamkatiza: "Mwache mdogo wangu aende na mwenzie. Safari ni yake. Mimi na wewe tutafika." Mama mdogo akasita, akasema hawezi kumwacha dada yake nyuma, na dada yake akamsukuma begani kwa upole kuelekea ngazini.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba tiketi zote nne za jumba la Teshima ziko ndani ya simu ya kijana, na intaneti pia. Alifungua tiketi kwenye kioo cha simu, mama mdogo akazipiga picha kwa simu yake, moja baada ya nyingine, foleni ikisogea. Walikubaliana kwa sentensi mbili: kukutana mlangoni mwa jumba saa 7:15, na kama mmoja hayupo, wengine waingie, kisha wote wawe bandarini Ieura kabla ya boti iliyoandikwa kwenye kadi. Boti ikaondoka.

Waliobaki walifuata njia ya pili. Feri ya Uno ilikuwa na nafasi tele. Uno walisubiri zaidi ya saa moja, mama akaomba pembe tulivu ya chumba cha abiria akaswali, kisha wakavuka hadi Ieura na kufika karibu saa 6:30 mchana. Basi la kisiwa lilikuwa linasubiri abiria wa chombo kile. Hiyo ilikuwa bahati yenye mpango ndani yake, kwa sababu ratiba ya basi la Teshima imefungwa kwa vyombo vikubwa, na mtu anayefika kati ya saa hizo hukaa kituoni muda mrefu. Walishuka mbele ya jumba saa 7 na dakika chache.

Waliotangulia nao hawakukaa bure. Bila intaneti, bila Kijapani, mama mdogo aliamua asitoke mbali na bandari. Nyumba ya Yokoo, iliyofunguliwa 2013, iko umbali wa kutembea kutoka Ieura: nyumba ya zamani iliyowekwa vioo vyekundu, ukitazama bustani ya mawe kupitia kioo hicho rangi zote zinakufa, unabaki na maumbo tu. Alikaa humo akichora. Kisha wakapanda basi lile lile walilopanda dada yake na mwanawe, maana lilianzia hapo bandarini. Wote wanne walifika jumbani pamoja.

Jumba la Teshima, la msanifu Ryue Nishizawa na msanii Rei Naito, ni ganda moja la zege lisilo na nguzo, limelala kilimani kando ya matuta ya mpunga yaliyofufuliwa na wanakijiji. Juu lina matundu mawili makubwa yaliyo wazi kwa anga. Unavua viatu. Sakafuni kuna vitobo vidogo mno visivyoonekana, na katika kila kimoja maji yanachomoza tone moja moja. Tone linakaa, linatetemeka, linaanza kuteleza, linakutana na jingine, yanakuwa uzi, uzi unakimbia hadi kwenye kidimbwi. Mama, ambaye hakuja kwa ajili ya sanaa, alikaa chini sakafuni na magoti yake yale, akafuata tone moja kwa macho mpaka likaishia. Kisha akachagua jingine. Ilibidi washikane wawili kumnyanyua.

Matokeo

Waliona boga la njano, Chichu, sehemu ndogo ya Honmura, na jumba la Teshima. Wawili waliona pia nyumba ya Yokoo. Walikosa Minamidera, Inujima, na hazina ya mapigo ya moyo ya Christian Boltanski iliyo ufukweni Karato, upande wa pili wa Teshima, ambako mtu hurekodi moyo wake ukaunganishwa na maelfu ya wengine. Kwenda huko kwa miguu kutoka jumbani kulikuwa kuteremka, na mama angelazimika kupanda tena. Waliiacha bila ubishi.

Jioni walipanda boti inayotangulia ile ya mwisho kutoka Ieura hadi Takamatsu. Jumamosi iliyoachwa tupu ilitumika kulala na kula udoni, tambi nene za ngano ambazo mkoa wa Kagawa, ulipo mji wa Takamatsu, unasifika kwazo. Nauli ya nyongeza ya kupitia Uno haikuwa kubwa. Walichopoteza ni asubuhi.

Uchambuzi

Kiini cha kisa ni ile foleni ya Miyanoura. Nilimuuliza kijana kwa nini walifika dakika kumi tu kabla. Jibu lake lilikuwa la kweli, nalo linatuhusu wengi. Sisi tumelelewa na pantoni. Ukivuka Kigamboni au Likoni ukakosa hii, unasubiri ijayo, na ijayo unaiona inakuja. Hata anayejua kwa akili kwamba boti ya Teshima ni chache, mwili wake bado unatembea kwa mwendo wa pantoni. Mahali penye safari chache kwa siku, kukosa boti ni kukosa nusu siku, na boti ndogo isiyowekewa nafasi haipimwi kwa saa ya kuondoka bali kwa urefu wa foleni. Nusu saa kabla ndicho kipimo ninachowapa watu, na siku ya mwisho wa wiki zaidi ya hapo. Kulala Honmura, kwa uzuri wake wote, kulichangia: basi la kwanza kutoka kule ndilo lililowafikisha kwa wakati ule. Nyumba ya wageni ya Miyanoura ingewaweka hatua chache kutoka gatini.

Kilichofanya kosa hilo lisiwe msiba ni ile tiketi ya saa 7:30. Kwa tiketi ya saa 4:30 hakuna uamuzi wowote wa gatini ambao ungewaingiza wote wanne. Wengi huona saa za katikati kuwa ni muda wa kupotea, na kwa macho ya kalenda ni kweli. Lakini katika safari ya visiwa saa hizo ndizo zinazobeba uzito wote, na anayezijaza kazi nyingine ameziondoa. Njia ya Uno nayo ilisaidia kwa kuwa ilikuwa imeandikwa tayari. Kuitafuta kwa simu huku boti inaondoka na mama anauliza kuna nini, ingekuwa habari nyingine.

Kugawanyika kunahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu katika makundi mengi ningekataza. Hapa kulifaa kwa sababu tatu zilizokutana: aliyebaki na mwenye magoti ndiye aliyejua lugha, waliotangulia walikuwa wawili na si mmoja, na mahali pa kukutana palikuwa mlango mmoja usioweza kukosewa. Upungufu ni kwamba hakuna hata moja ya hizo iliyopangwa. Swali la "tukigawanyika nani anakwenda na nani" lilipaswa kujibiwa mezani Jumatano usiku. Na tiketi nne katika simu moja ni kasoro ambayo haina utetezi. Betri ingeisha, simu ingeanguka baharini, na watu wanne wangesimama nje ya jumba walilovuka dunia kuliona. Karatasi iliyochapwa dukani ingetosha.

Kadi za saa nazipa sifa ambayo huenda inaonekana ndogo. Mama mdogo alikaa Ieura asubuhi yote bila mtu wa kumuuliza, akalitambua basi lake ukutani kwa namba za pembeni ya kadi. Bila kadi ile nisingethubutu kusema kwamba kugawanyika kulikuwa uamuzi mzuri.

Alhamisi ilishindwa kwa sababu tofauti kabisa: ilipangwa kana kwamba watu hutoka kwenye jumba la sanaa saa waliyopanga kutoka. Mpenzi wa sanaa akifika kwenye kitu alichokingoja miaka hatoki, na hapaswi kutolewa. Honmura ilikuwa iwekwe asubuhi, kabla ya Chichu, pakiwa na nafasi za Minamidera na miguu ikiwa bado na nguvu.

Kuhusu Inujima, naendelea kuamini ilikuwa sawa kuachwa, ingawa mama mdogo bado anaitaja. Ijumaa ile ile, pamoja na kisiwa cha tatu ndani yake, isingebaki hata saa moja ya kukaa sakafuni kutazama maji.

Kwa anayepanga safari kama hii

Andika siku za kufungwa kabla ya kutazama bei ya hoteli. Nje ya tamasha na nje ya miezi ya baridi, Alhamisi hadi Jumapili huwa salama kwa Naoshima na Teshima. Anayetaka na Inujima aanze Ijumaa. Thibitisha ratiba ya boti ya mwezi wenyewe, kwa sababu Desemba inabadili mambo. Upepo wa miezi ya baridi na vimbunga vya mwisho wa kiangazi husimamisha kwanza boti ndogo za mwendokasi, wakati feri kubwa zinazobeba magari huendelea kwa muda zaidi. Kwa hiyo njia yako ya pili iwe ya feri kubwa. Teshima beba fedha taslimu na chakula, kwa kuwa huko hakuna duka lile la saa 24 ambalo Japani limekuzoesha kulikuta kila kona. Kama kuna asiyeendesha baiskeli, panga siku nzima ya Teshima kwa kufuata basi, na basi lifuate feri.

Na kama unakwenda na mzee, tafuta benchi lililo nje ya jumba la Teshima, upande unaotazama bahari, umwachie muda wa kukaa hapo kabla ya basi la kurudi.